Winchi ya Mkono au ya Umeme? Somo Nililolipata Kwenye Tope

Wadau, wengi wetu tukimaliza hapa hatubaki mjini. Walimu tutapelekwa shule za kata, wauguzi watakwenda zahanati, na watu wa kilimo na jiolojia ndiyo kabisa, ofisi yao ni porini. Huko kuna gari moja la mradi au la halmashauri, barabara ya udongo, na mvua. Siku moja utaketi kwenye kikao uulizwe: tununue winchi gani ya kujinasulia, ya mkono au ya umeme? Makala hii inakuandaa kwa swali hilo. Mimi nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, na swali lenyewe lilinikuta nikiwa TP mkoani Simiyu.

Simu ya saa tatu kasorobo

Siku hiyo msimamizi wangu alikuwa anakuja kunikagua. Niliamka saa kumi alfajiri kumalizia andalio la somo. Mada ilikuwa mashine rahisi, kidato cha pili. Chati nimechora, kapi nimetengeneza kwa reli ya uzi, hata gauni nimepiga pasi ya mkaa. Saa tatu kasorobo simu ikaita. "Mwalimu, tumekwama."

Walikuwa kama kilomita moja na nusu kutoka shuleni, kwenye mbuga. Anayejua Usukuma anaijua mbuga hiyo. Kiangazi udongo wake mweusi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Mvua ikinyesha unakunywa maji, unavimba, unanata kwenye tairi mpaka huoni tena kashata za mpira. Gari lilikuwa Land Cruiser mkonga ya kukodi, ambayo mwenyewe simtaji. Mbele kwenye bampa ilikuwa na winchi ya umeme inayong'aa, utadhani imetoka dukani wiki hiyo.

Mkuu wa shule akaniambia, "Mwalimu, si unafundisha mashine? Wachukue watoto mkaangalie. Ila wakae mbali." Tukaenda, wanafunzi 41 na mimi.

Tulipofika, dereva alikuwa amekwishafunga waya kwenye mti uliokuwa mbele ya gari. Akabonyeza rimoti. Winchi ikanguruma, gari likasogea kama mita moja, mngurumo ukaanza kushuka, ukawa mzito, ukakata. Betri kwisha. Akajaribu kuwasha injini, nayo ikatoa ule mlio wa "tik" unaoujua. Hapo ndipo Dokta, msimamizi wangu, aliposema kwa upole kwamba hata asubuhi gari lilisukumwa ndipo likawaka.

Lakini betri ilikuwa nusu tu ya tatizo. Ardhi ngumu ilikuwa nyuma, mita sita tu, pale walipotokea. Mbele kulikuwa na mbuga tupu. Winchi ilifungwa mbele, kwa hiyo hata ile mita moja iliyovuta ilikuwa inalizamisha gari zaidi. Tope lilikuwa limefika kwenye habu.

Waliotuokoa ni mafundi wa nguzo za umeme waliokuwa wanavuta nyaya kuelekea kijiji cha jirani. Kwenye lori lao walikuwa na winchi ya mkono, ile wanayoitumia kukaza nyaya. Yaani watu wa umeme ndio waliokuwa na winchi isiyotumia umeme. Nitarudi kwao. Kwanza tuelewe mashine zenyewe.

Tope linadai kiasi gani?

Watu wengi huanza kwa kuuliza winchi ipi ina nguvu. Anza na deni: gari lako linadaiwa kani kiasi gani na tope? Nitapima kani kwa "tani" kama mafundi wanavyosema, ingawa mhadhiri wa mekanika atanikata maksi. Chukua tani 1 kuwa sawa na niutoni 10,000.

Vitabu vya jeshi la Marekani vya kunasua magari vina kanuni nyepesi kukumbuka. Tope likiishia kwenye habu, kani inayohitajika ni kama uzito wote wa gari. Likipita habu na kukaribia madigadi, zidisha mara mbili. Likifika usawa wa kibini, mara tatu. Kama unavuta kupanda mlima, ongeza sehemu 1 ya 60 ya uzito kwa kila nyuzi moja ya mwinamo. (Wa hisabati mnaona ilikotoka: sine ya nyuzi 1 ni karibu 1/57.)

Mkonga yenye abiria na mizigo tuikadirie tani 3. Tope kwenye habu, ardhi tambarare: tunahitaji tani 3. Likifika madigadi, tani 6. Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha kunasua gari ni beleshi. Kila unachochimba mbele ya tairi na chini ya tumbo la gari ni deni ulilolipunguza bila kugusa winchi. Mafundi wale walichimba karibu nusu saa kabla ya kufungua sanduku lao, na dereva wetu hakuwa amechimba hata kidogo.

Winchi ya umeme: mwendo unaonunuliwa kwa betri

Winchi ya umeme ina mota, gia za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu, na ngoma inayokunja waya. Unabonyeza, inavuta. Uzuri wake uko wazi. Mtu mmoja anaweza kujinasua. Usiku, kwenye mvua, au mahali penye wanyama, unasimama mbali na rimoti au unakaa ndani ya gari. Pia hauchoki wewe. Kwa askari wa hifadhi anayekwama kila wiki, hiyo si anasa.

Sasa tusome kibao chake. Nyingi huandikwa kwa paundi: 9,500 ni kama kilo 4,300, na 12,000 ni kama kilo 5,400. Kanuni inayotumika sana ni kuchukua uzito wa gari likiwa limejaa, ukazidisha kwa 1.5. Gari la tani 3 linataka winchi ya tani 4.5, yaani paundi 10,000 hivi.

Ila namba hiyo ya kwenye kibao ni ya tabaka la kwanza la waya, lile linalogusa ngoma. Mota ina uwezo uleule wa kuzungusha, lakini ngoma ikinenepa kwa waya, kani inapungua. Chukua ngoma ya nusu kipenyo cha milimita 32 na waya wa milimita 8. Tabaka la kwanza, katikati ya waya iko milimita 36 kutoka kwenye kitovu. Tabaka la nne, iko kama milimita 60. Kilo 4,300 zidisha kwa 36, gawanya kwa 60: unabaki na kilo 2,580. Winchi ileile, siku ileile. Kwa hiyo nanga iliyo karibu sana si bahati, kwa sababu utavuta ukiwa na waya mwingi umebaki kwenye ngoma.

Halafu kuna umeme wenyewe. Winchi ya ukubwa huu ikizidiwa inaweza kula zaidi ya ampia 400 kwenye volti 12. Alteneta ya gari la kawaida inatoa mia moja hivi. Tofauti yote inatoka kwenye betri.

Tufanye hesabu ya mbuga yetu. Kulivuta gari kwa kani ya tani 3 kwa mita 5 ni kazi ya jouli 150,000. Tuseme winchi inatumia dakika 4, ikila ampia 350. Umeme unaoingia ni wati 4,200, wakati kazi inayotoka ni wati 625. Hiyo ni asilimia 15 tu. Zilizobaki nyingi zinageuka joto ndani ya mota na nyaya. Ndiyo maana unatakiwa kuvuta kidogo, unapumzika, unashika mota. Ikiwa huwezi kuweka kiganja, acha ipoe. Na injini iwe inaunguruma muda wote.

Betri nzima ingemaliza kazi hiyo bila shida, maana dakika 4 kwa ampia 350 ni kama ampia-saa 23. Lakini winchi ya umeme inarithi kila ugonjwa wa gari. Betri ikiwa nzee, inakuwa nzee na winchi. Kichwa cha betri kikilegea au injini ikizimika mtoni, winchi nayo inabaki pambo la bampa.

Winchi ya mkono: nguvu inayonunuliwa kwa muda

Hapa kuna aina mbili ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ile ndogo yenye ngoma, gurudumu la meno na mpini. Unavuta mpini, jino moja linaruka, kizuizi kinashika. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Tatizo ni waya mfupi, mara nyingi mita chache tu, na nayo inakunja waya kwenye ngoma. Gari likisogea kidogo umefika mwisho. Unafunga gari lisirudi, unafungua, unapanga upya. Usiamini sana maandishi ya "tani 4" yaliyogongwa kwenye bati jembamba. Kwa Noah iliyoteleza mtaroni inafaa, lakini kwa mkonga iliyokaa kwenye habu utalia.

Ya pili ndiyo waliyokuwa nayo mafundi wa nguzo. Wengi wanaijua kwa jina la biashara la Tirfor. Haina ngoma. Waya unapita katikati yake, na ndani kuna taya mbili zinazoshika kwa zamu. Mfikirie mtu anayevuta ndoo kisimani: mkono huu ukishika kamba, ule unasogea mbele kushika tena. Ukisukuma mpini, taya moja inavuta. Ukiurudisha, ya pili inavuta. Kila mzunguko gari linasogea sentimita chache.

Kwa kuwa hakuna ngoma, kani haipungui kadiri waya unavyoingia. Ni ileile mwanzo hadi mwisho. Urefu wa kuvuta ni urefu wa waya ulio nao. Unaweza pia kulegeza polepole huku mzigo ukiwa umening'inia, jambo ambalo ile ndogo ya meno hailifanyi kwa utulivu. Tena kuna pini ndogo za usalama ambazo hukatika ukizidisha mzigo, kabla kitu kikubwa hakijakatika. Beba pini za akiba. Usiweke msumari mahali pake, maana hapo umemfukuza mlinzi.

Faida kubwa zaidi niliiona kwa macho: haijafungwa kwenye bampa. Mtu mmoja anaibeba, ingawa ataguna, na anaifunga nyuma, ubavuni, au kwenye gari jingine kabisa. Mara nyingi njia nzuri ya kutoka topeni ni ile uliyoingilia, na winchi iliyoko mbele haikusaidii kurudi nyuma.

Hasara zake nazo tuseme. Ni ya polepole. Mtu anayefanya kazi ya mikono kwa muda mrefu anatoa kama wati 75. Kama nusu ya hizo inaliwa na msuguano, zile jouli 150,000 zitachukua sekunde 4,000, yaani saa moja na dakika saba. Ukiwa peke yako, una njaa, jua linazama, hiyo saa ni ndefu sana. Na mvutaji anasimama karibu na waya uliokazwa, wakati mwenye rimoti angekuwa mbali. Pia inataka matunzo: oili ya kutosha, tope lisiingie kwenye taya, na waya usiwe na kifundo wala nyuzi zilizokatika, maana zitakwama ndani.

Kapi, rafiki wa wote wawili

Sasa turudi mbugani. Winchi ya mafundi ilikuwa ya tani 1.6. Gari lilidai 3. Wanafunzi wangu, ambao asubuhi ile wangenikariria kwa Kiingereza fasihi maana ya faida ya mashine, walikuwa na jibu moja: haiwezi.

Mzee aliyeongoza mafundi hakujibu. Alitoa kapi, akaifunga nyuma ya gari kwenye ndoano ya chesisi. Nyuma, kama mita 15, kulikuwa na mgunga mzima. Akauzungushia mkanda mpana chini kabisa karibu na mizizi, akaunga mnyororo. Kwenye mnyororo akafunga winchi. Waya ukatoka kwenye winchi, ukaenda mpaka kwenye kapi, ukageuka, ukarudi kufungwa mwisho wake kwenye mnyororo uleule. Dereva alikuwa amependekeza nguzo mpya ya umeme iliyokuwa karibu zaidi. Mzee akamtazama: "Hiyo ni ya kubeba nyaya, kaka. Siyo ya kuvuta magari."

Gari sasa lilikuwa linavutwa na nyuzi mbili. Kila moja 1.6, jumla 3.2, ukitoa kidogo inayoliwa na msuguano wa kapi. Na kwa kuwa tope lilikuwa limechimbwa, deni nalo lilikuwa limeshuka. Ikatosha.

Akaniita. "Dada mwalimu, shika mpini." Nina kilo 54. Nikasukuma, nikarudisha. Mpini ulikuwa mzito kiasi cha kuegemea kwa mwili, lakini ulikwenda. Baada ya mizunguko kumi gari lilikuwa limesogea kama upana wa daftari mbili. Watoto wakacheka. Baada ya arobaini hawakucheka tena, walikuwa wanahesabu. Tulipokezana: mimi, dereva, vijana wawili wa mafundi. Saa moja na robo baadaye mkonga ilikuwa kwenye ardhi ngumu.

Kapi inafanya kazi hiyohiyo kwa winchi ya umeme, tena kwa faida ya ziada: unalazimika kutoa waya mwingi, ngoma inakonda, kani inarudi karibu na ile ya kwenye kibao, na mota inalia kidogo. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu cha kuongeza juu ya winchi, nunua kapi nzuri na mkanda wa kufungia mti. Ila kumbuka nanga inabeba jumla ya nyuzi zote mbili. Mti uliotosha kwa mvuto mmoja unaweza kung'oka kwa miwili.

Na kama hakuna mti? Mbuga nyingi hazina. Chimba shimo refu na la kina, laza tairi ya akiba ndani yake, funga mkanda, fukia, shindilia. Vuta taratibu, kwa mwelekeo wa chini. Jasho litakutoka, lakini inashika.

Usalama: hapa sina utani

Kati ya yote ya siku ile, kitu kinachonirudia usiku ni hiki. Waya ukiwa umekazwa, mwanafunzi mmoja wa kiume aliona njia ya mkato kwenda kwa wenzake, akauruka. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Mzee alisimamisha kazi palepale, akamwita yule mtoto, akamwonyesha nyuzi za chuma kwa kidole. Akasema neno moja tu: "Huu ukikatika hauangalii." Kisha akatuhamisha wote, na mimi nilitakiwa kuwa nimeshafanya hivyo tangu mwanzo.

Waya wa chuma ukikazwa unahifadhi nishati. Ukikatika, hiyo nishati inatoka mara moja, na ncha inaruka kama kiboko. Basi:

1. Watazamaji wakae mbali kuzidi urefu wa waya uliotolewa, na kamwe wasisimame kwenye mstari wake. Hakuna kuruka waya wala kupita chini yake.
2. Tupia koti zito, gunia lenye mchanga au zulia la gari katikati ya waya. Ukikatika, unaangukia chini badala ya kuruka.
3. Vaa glavu za ngozi. Nyuzi zilizokatika huchana kiganja.
4. Funga kwenye chesisi au kwenye ndoano iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usifunge kwenye bampa la bati wala kwenye kile kichwa cha duara cha kufungia tela. Kikikatika kinaruka kama risasi.
5. Usizungushe waya mtupu kwenye mti. Unaua mti na unaharibu waya. Tumia mkanda.
6. Kwenye ngoma acha mizunguko isiyopungua 5 ya waya. Kamba ya sintetiki inateleza zaidi, iachie mingi kuliko hiyo.
7. Mtu mmoja ndiye anayetoa ishara. Wengine wote, hata awe Dokta, wanyamaze.

Kamba ya sintetiki ni nyepesi na ikikatika haina kishindo cha chuma, lakini jua kali, joto na mchanga vinaila. Ukiichagua, ifunike na uioshe.

Basi tununue ipi?

Ukiwa kwenye kile kikao, uliza maswali matano kabla ya kutaja bei.

Gari likijaa lina uzito gani? Zidisha kwa 1.5, hapo ndipo ukubwa wa winchi ya umeme unapoanzia. Linakwama mara ngapi kwa mwaka? Huwa kuna watu wangapi ndani? Gari likikwama, ardhi ngumu huwa upande gani? Na la mwisho, ambalo hakuna anayeuliza: nani ataitunza? Winchi ya umeme inataka betri nzima, vichwa vya nyaya vilivyokazwa, na kujaribiwa kila baada ya miezi michache hata kama hamjakwama. Kama hakuna mtu wa kufanya hivyo, mnanunua pambo.

Msimamo wangu ni huu. Gari la shule, la zahanati au la mradi, linalobeba watu watatu na zaidi na kukwama mara chache kila msimu wa mvua, lianze na winchi ya mkono ya aina ya taya, kapi moja, mkanda wa mti, mnyororo na beleshi. Saa moja ya kupokezana mpini inavumilika, na kifaa kinatumika hata betri ikifa. Anayesafiri peke yake, au anayeingia porini kila wiki, au anayepita penye wanyama, anunue ya umeme yenye ukubwa sahihi, betri yenye afya, na kapi. Pesa ikibaki, aweke na ya mkono nyuma ya kiti. Mwenye gari dogo la barabara ya kawaida hahitaji zote mbili. Mkanda wa kuvutia na simu ya jirani mwenye trekta vinatosha.

Wapo watakaosema ya mkono ni ya kizamani na inahitaji wanaume wenye misuli. Nimeshawaambia kilo zangu.

Tulivyomaliza siku

Somo langu lilikaguliwa saa saba mchana, gauni likiwa na tope mpaka magotini. Niliacha chati ukutani, nikauliza swali moja: winchi ya tani 1.6 iliwezaje? Kimya. Halafu yule yule aliyeruka waya akanyoosha mkono. Akajibu kwa Kiswahili, ingawa somo linafundishwa kwa Kiingereza: "Mwalimu, nguvu tuliipata, lakini waya tuliuvuta mara mbili." Gari lilisogea mita 6, waya uliingia mita 12. Kanuni yote iko hapo. Nikaandika ubaoni alivyosema, ndipo nikaweka Kiingereza chini yake. Dokta alinipunguzia maksi kwenye kipengele cha usalama wa wanafunzi. Sikukata rufaa.

Zoezi

1. Pikapu ya tani 2 imezama hadi kwenye habu, na inavutwa kupanda mwinamo wa nyuzi 12. Inahitaji kani gani?
2. Winchi ya mkono ya tani 1.6 inatosha peke yake? Ukiweka kapi moja kwenye gari na kufunga ncha zote mbili kwenye mti mmoja, mti unabeba kiasi gani?
3. Winchi ya umeme inakula ampia 400, alteneta inatoa 100, betri ni ya ampia-saa 70. Kwa nadharia betri itadumu dakika ngapi?

Majibu. (1) Tani 2 kwa tope, na 12/60 ya tani 2 kwa mwinamo, yaani 0.4. Jumla 2.4. (2) Haitoshi peke yake. Kwa kapi inafika 3.2 kabla ya msuguano, kwa hiyo inatosha. Mti unabeba tani 2.4 zote, hata kama mkononi unahisi nusu yake. (3) Betri inapungukiwa ampia 300, hivyo 70 gawanya kwa 300 ni dakika 14. Usizitegemee. Betri ikikamuliwa kwa kasi hiyo haitoi chaji yake yote, volti zinashuka mapema, na bado unahitaji za kuwashia injini. Kama asubuhi gari lilisukumwa ndipo likawaka, jibu ni dakika moja, na shahidi ninaye.